Video imevuja, au mteja haioni: kutafuta tatizo liko wapi

Anayeuza video zake mtandaoni hapa Zanzibar, kiwe kikundi cha taarab kinachowauzia onyesho jamaa walioko Maskati na Uingereza, au mwalimu wa skuli anayeuza masomo ya hesabu ya kidato cha nne, hukutana na malalamiko ya aina mbili. La kwanza ni lake mwenyewe: kazi yangu inazagaa Telegram na mimi sipati senti. La pili ni la mteja: nimelipa na sioni kitu. Dawa ya moja mara nyingi hulizidisha jingine. Ukikaza kufuli kwa hasira baada ya kuibiwa, anayeumia mwanzo ni bibi wa Wete aliyelipa kwa simu yake ya bei nafuu. Aliyeiba ana nakala yake tayari.

Kwa hiyo usiguse mpangilio wowote mpaka ujue video imetokea wapi, au imekwamia wapi.

Ulinzi wenyewe, ambao mafundi wanauita DRM, unakwenda hivi. Video hukatwa vipande vya sekunde chache na kila kipande husimbwa kwa ufunguo. Ufunguo haukai pamoja na video. Mteja anapobonyeza kucheza, kivinjari chake kinaomba leseni kwa seva. Seva ikishajiridhisha kwamba amelipa, inapeleka ufunguo ukiwa umefungwa ndani ya leseni, nao unafunguliwa ndani ya sehemu ya siri ya kifaa ambayo ukurasa wa tovuti hauioni. Mifumo mikubwa ni mitatu: Widevine ya Google, FairPlay ya Apple na PlayReady ya Microsoft. Kwa wateja wetu, Widevine na FairPlay zinatosha kuanzia. Ya kwanza inashika simu za Android na kompyuta zenye Chrome, Edge au Firefox. Ya pili inashika iPhone na Safari.

Nakala imevuja: itazame kabla hujamlaumu mtu

Ipakue nakala iliyovuja, ikae kwenye kompyuta yako, uiweke sambamba na ile unayouza. Nakala ina mengi ya kusema kuhusu njia iliyopitia.

Ikiwa ni safi kuliko unayouza, kwa mfano wewe unauza ya mistari 720 ya picha na inayozagaa ni ya 1080, au haina nembo uliyoiweka pembeni, basi DRM haina la kujibu. Video iliondoka kabla haijasimbwa. Niliwahi kuletewa nakala ya onyesho la taarab ambayo mwanzoni ilikuwa na wapigaji wakilinganisha sauti za kanuni na fidla kabla ya bashraf kuanza. Kipande kile kilikwishakatwa kwenye toleo lililouzwa. Wenye kikundi walikuwa tayari kubadilisha kampuni ya DRM, na hali faili lilitoka kwenye meza ya mhariri.

Kwetu hiki ndicho chanzo ninachokikuta zaidi kuliko vyote, na ndicho kinachotazamwa mwisho. Fuata njia ya faili mama: nani alirekodi, kadi ya kamera ilikwenda wapi, nani alihariri, alimpelekea nani "atazame tu", kwa fleshi au kwa kiungo. Fungua hifadhi yako ya mtandaoni uangalie kama faili limeruhusiwa kwa yeyote mwenye kiungo. Kiungo cha namna hiyo kikiingia katika kundi moja la WhatsApp, kimeshatoka mikononi mwako. Watu wa kazi wapewe nakala za kukagua zenye ubora mdogo, kila mmoja na jina lake limeandikwa katikati ya picha, na faili mama libaki kwa mtu mmoja au wawili.

Hapa kuna jambo la kibinadamu ambalo programu haitalimaliza. Mara nyingi aliyevujisha hajihesabu kuwa mwizi. Mpiga fidla aliyempa kaka yake video anaona ametoa kilicho chake, kwa sababu yumo ndani na hakuna aliyemwambia vinginevyo. Katika wimbo mmoja wa taarab kuna aliyetunga shairi, aliyetia muziki, aliyeimba, waliopiga, na kikundi. Mkiandikiana mapema nani ana haki gani na mapato yanagawiwa vipi, mmeziba tundu kubwa kuliko lolote linalozibwa na seva.

Ikiwa nakala ina ubora uleule unaouza, urefu uleule, na haina alama yoyote ya simu au kompyuta ya mtu, basi imeshushwa moja kwa moja kutoka kwenye seva yako. Hilo lina sehemu yake hapa chini.

Ukiona ujumbe umeshuka juu ya picha, alama ya betri, kishale cha kompyuta kinapita, au picha inarukaruka wakati sauti ni laini, mtu amerekodi skrini. Na ikiwa picha imelala upande na unasikia feni au watoto wa nyumba ile, amesimamisha simu mbele ya televisheni.

"Tulishatia ulinzi, mbona watu wanapakua?"

Swali la kwanza ni kama mlichotia ni DRM kweli. Kuna njia ya kusimba inayoitwa AES-128 ndani ya HLS, yaani mtindo wa kupeleka video kwa vipande, ambayo wauzaji wengi wa huduma za video huitaja kama ulinzi. Inasimba kweli, lakini ufunguo wake hutolewa kwenye anwani ya kawaida iliyoandikwa wazi ndani ya faili la orodha ya vipande. Ni kufunga mlango wa nyumba na kuuacha ufunguo juu ya baraza. Programu za bure za kupakulia video huusoma na kufungua zote bila ya kumhitaji mtaalamu.

Hakikisha mwenyewe, usingoje jibu la muuzaji. Fungua video yako katika Chrome ya kompyuta, bonyeza F12, ingia sehemu ya mtandao, kisha cheza. Tafuta faili linaloishia na m3u8 ulifungue. Ukiona mstari wenye maneno METHOD=AES-128 na anwani mbele yake, na ukaona kivinjari kimekwenda kwenye anwani hiyo kikarudi na kitu cha baiti 16 tu, hizo baiti 16 ndizo ufunguo wenyewe, uchi. Kwenye DRM ya kweli utaona ombi linapelekwa kwenye seva ya leseni na jibu linarudi likiwa furushi lisilosomeka.

Ukiwa hapohapo, tafuta faili lolote linaloishia na mp4. Tovuti nyingi huwekwa DRM vizuri, halafu fundi akaacha nakala isiyosimbwa kama akiba kwa simu za zamani. Nakala hiyo ikiwepo, kazi yote iliyobaki haina maana. Jaribu pia kuinakili anwani ya video na kuifungua katika kivinjari kingine ambacho hukuingia kwa akaunti. Ikifunguka, anwani zako hazina saini wala muda wa kwisha. Mwambie fundi aziwekee vyote viwili. Anwani inayokufa baada ya saa chache haina faida kwa mtu wa kundi la Telegram.

Kama DRM ni ya kweli na bado nakala safi zinatoka, tazama daraja la usalama. Widevine ina L1, L2 na L3. Katika L1 kufungua ufunguo na kuchambua picha hufanywa ndani ya eneo lililotengwa kwenye chipu ya simu. Katika L3 hufanywa na programu tu, na programu inaweza kupekuliwa. Mwaka 2019 mtafiti mmoja alitangaza hadharani kwamba ameivunja. Kivinjari cha kompyuta mara nyingi ni L3. Kwa hiyo usipeleke picha ya ubora wa juu kwenye L3. Iishie 480, na ubora wa juu upewe L1 peke yake. Zaidi ya hapo, tumia ufunguo mmoja kwa sauti, mwingine kwa picha ndogo, mwingine kwa picha kubwa. Ukiwa na ufunguo mmoja kwa vyote, anayeupata kupitia kompyuta dhaifu amepata na ile ya 1080.

Skrini inarekodiwa

Kwenye simu za Android zenye L1, anayerekodi skrini hupata weusi mahali pa picha. iPhone nayo, video ikilindwa na FairPlay, rekodi hutoka nyeusi. Kama una programu yako mwenyewe ya Android, mtengenezaji aiwekee FLAG_SECURE, ambayo huziba kupiga picha na kurekodi dirisha zima, hata kwenye simu za L3. Kwa kompyuta zenye L3 huwezi kutegemea kinga hiyo, na hii ni sababu nyingine ya kuzipa picha ndogo.

Anayeielekeza simu yake kwenye televisheni hazuiliki na mfumo wowote duniani. Kwake dawa ni alama ya kumtambua. Ya kuonekana ni rahisi: namba fupi ya risiti ya mteja, yenye rangi hafifu, inahama kila baada ya muda kutoka pembe moja ya picha hadi nyingine. Itumie namba ya risiti. Usitumie namba ya simu wala jina, maana visiwa vyetu ni vidogo, watu wanajuana, na anayekopesha simu yake kwa shemeji hastahili kuanikwa mbele ya kundi zima.

Ya siri ni ghali zaidi na inavutia namna inavyofanya kazi. Kila kipande cha video hutengenezwa mara mbili, A na B, vikiwa na tofauti ndogo ambayo jicho halioni. Kila mteja hupelekewa mfuatano wake: huyu A, B, B, A, yule B, B, A, B. Onyesho la dakika 90 lenye vipande vya sekunde 6 lina vipande 900. Kwa hesabu tupu vipande 10, yaani dakika moja ya video, vinatosha kutofautisha wateja 1,024. Kwenye kazi halisi unahitaji zaidi ya hapo, kwa sababu nakala ya simu hupoteza baadhi ya alama na watu wawili wanaweza kuchanganya nakala zao. Hifadhi yako itakuwa mara mbili. Kwa somo la hesabu siishauri. Kwa onyesho ambalo kikundi kizima kinasubiri mapato yake, ina thamani.

Kuhusu akaunti moja kutumiwa na watu wengi, weka ukomo wa vifaa vinavyocheza kwa wakati mmoja, viwili vinatosha. Lakini familia ya watu kumi waliokusanyika mbele ya televisheni moja ni watazamaji wa tiketi moja, na ndivyo taarab ilivyotazamwa siku zote.

Mteja kalipa, haioni

Sehemu hii ndiyo inayopoteza wateja kimyakimya. Aliyeshindwa mara moja hapigi simu. Anakwenda kuitafuta Telegram.

*Inakataa akibonyeza kiungo kutoka Facebook au Instagram, inakubali kwingine.* Programu hizo hufungua kurasa ndani ya kivinjari chao cha ndani, ambacho mara nyingi hakina ruhusa ya kutumia DRM ya simu. Mwambie abonyeze vidoti vitatu juu na achague kufungua kwa Chrome. Liandike hilo kwenye ukurasa wa malipo kwa herufi kubwa, litakupunguzia ujumbe mwingi wa usiku.

*Android zote sawa, iPhone zote zinakataa.* Ama hukutia FairPlay, ama video imesimbwa kwa mtindo uitwao cenc peke yake. FairPlay inataka mtindo mwingine, uitwao cbcs. Vifaa vipya vyenye Widevine vinakubali yote mawili, ila vya zamani sana huenda vikakataa cbcs, basi vijaribu kabla hujaacha cenc. Usimwambie mteja wa iPhone ajaribu Chrome, kwani Chrome ya kwenye iPhone yetu inapita kwenye injini ileile ya Safari. FairPlay pia inahitaji cheti ambacho Apple humpa mwenye akaunti ya watengenezaji baada ya kuomba, kwa hiyo anza kuomba mapema, si wiki ya onyesho.

*Sauti ipo, picha ni nyeusi.* Muulize ameunganisha nini. Kama ni projekta ya ukumbini, televisheni ya zamani, au waya wenye kigeuzi cha kwenda VGA, tatizo ni HDCP, ulinzi wa waya wa HDMI. Leseni yako inadai waya wenye ulinzi na kifaa hicho hakina. Legeza sharti hilo kwa picha ndogo, libaki kwa picha kubwa. Aliyelipia onyesho kwa ajili ya ukumbi mzima Chake Chake asiambiwe akanunue projekta.

*Simu mpya lakini picha ni mbovu.* Simu ni L3, au ilikuwa L1 ikashuka. Baadhi ya simu hushuka zikifunguliwa ulinzi wa mfumo wake na fundi. Programu ya bure iitwayo DRM Info inaonesha daraja mara moja. Mwombe akupigie picha ya ukurasa wa Widevine. Kama ni L3, mweleze kwa upole kwamba simu yake ndiyo yenye mpaka huo, na video yake iko salama.

*Mteja mmoja tu, video zote, anaambiwa leseni imekwisha.* Angalia tarehe ya simu. Simu iliyolala siku nyingi bila chaji inaweza kuamka na tarehe ya miaka ya nyuma. Airudishe kwenye tarehe ya mtandao.

*Firefox inakataa.* Kwenye mipangilio kuna sehemu ya kuruhusu maudhui yenye DRM. Aiwashe.

*Wote wanakataliwa tangu asubuhi.* Hili ni lako. Cheti cha HTTPS, yaani cha usalama wa tovuti, kimekwisha? Vivinjari haviruhusu DRM kwenye ukurasa usio na HTTPS. Umehamisha tovuti kwenye anwani mpya bila ya kuisajili kwenye seva ya leseni? Hati ya ruhusa inayotiwa saini na tovuti yako ina muda mfupi mno? Saa ya seva ikiachana na saa ya seva ya leseni kwa dakika chache, hati huonekana imekwisha kabla haijafika.

*Video inasimama kila baada ya dakika chache, ingawa imeshashuka.* Hili nalitilia mkazo kwa ajili ya Pemba, na kwa yeyote ambaye mtandao wake huja na kuondoka. Baadhi ya huduma hutoa leseni fupi inayojihuisha kila dakika tano. Mtandao ukikatika wakati wa kujihuisha, video hukoma hata kama vipande vya mbele vimo ndani ya simu. Mpangilio huo ulifikiriwa kwa watu wenye mtandao usiokatika. Toa leseni ya saa nne au sita kwa onyesho, itolewe mara moja tu, isijihuishe. Hatari inayoongezeka ni ndogo, na mteja atamaliza onyesho alilolilipia.

*"Niliipakua nikiwa mjini, nimefika Mkoani haichezi."* Vipande vilishuka, leseni haikuhifadhiwa. Leseni ya kutazamia mtandaoni hufa programu inapofungwa. Ya kutazamia nje ya mtandao ni aina nyingine, na lazima seva iruhusu ihifadhiwe kwenye kifaa. Kwa Widevine unaweza kupanga vitu viwili mbalimbali: leseni iishi siku ngapi tangu kupakuliwa, na iishi saa ngapi tangu mtu aanze kutazama. Kwa onyesho, siku 30 kabla ya kuanza na saa 48 baada ya kuanza ni mpango mzuri. Kwa masomo, mpe mwanafunzi mpaka mtihani uishe. Mtoto wa Micheweni anayenunua bando kidogokidogo, akipakua somo skuli na kulitazama nyumbani mara nne, hajakuibia kitu.

Nakala imo mitaani tayari

Kwanza hifadhi ushahidi: kiungo, jina la akaunti au kundi, tarehe na saa, picha za skrini. Fanya hivyo kabla hujamwandikia mtu yeyote, maana ujumbe wa kwanza wa hasira humfanya afute na kuhamia kundi jingine. YouTube ina fomu ya madai ya hakimiliki, na kwa wanaokidhi masharti yake ina Content ID inayotambua nakala yenyewe. Facebook ina Rights Manager, chombo cha kusimamia haki za video zako. Telegram nayo hupokea madai. Majukwaa haya mengi hufuata utaratibu uliotokana na sheria ya Marekani ya 1998, ijulikanayo kama DMCA, kwa hiyo dai lako litaje kazi yenyewe, kiungo kamili, na tamko kwamba wewe ndiye mwenye haki. Hapo ndipo yale makubaliano ya kikundi yanapohitajika kwa maandishi.

Hapa nyumbani kuna Sheria ya Hakimiliki ya Zanzibar ya 2003, na COSOZA ndiyo ofisi ya kuiendea. Sajili kazi zako kabla ya kuzitoa, usingoje ziibiwe.

Maduka ya simu yanayojaza video kwenye kadi za wateja nayaendea kwa mazungumzo kwanza. Baadhi yao hawana habari kwamba video ile inauzwa. Wape vocha za kuuza, zenye namba ya kufungulia, na fungu lao katika kila vocha. Mwenye duka anayepata chochote kutoka kwako ana sababu ya kumwambia mteja kwamba ile ya bure hana.

Kubadilisha funguo baada ya kuvuja hakurudishi nakala iliyotoka. Kunafaa kwa toleo lijalo. Na kabla ya toleo hilo, jaribu wewe mwenyewe kwenye simu ya Android ya bei ya chini, iPhone, kompyuta yenye Chrome, na televisheni ya zamani kwa waya wa HDMI, kwa bando la kawaida, halafu zima mtandao katikati ya wimbo utazame kinachotokea.